Mkuu, usiende Gikomba na hiyo orodha

Mkuu, ifute hiyo orodha leo. Umesema Jumatatu unapanda basi kwenda Nairobi kuchukua viatu vya mtumba soko la Gikomba, umenakili maneno 40 ya Sheng, lugha ya mtaani ya kule, unauliza kama yanatosha. Mimi nilikwenda na orodha ya namna hiyo hiyo, na neno lililonimaliza nimeliona humo ndani: fagia.

Orodha yangu iliandika "fagia: kuchukua mzigo wote". Nikaamini papo hapo, maana hata Kariakoo mtu akibeba mzigo wote tunasema kaufagia. Nafika kibandani, kijana ananionesha rundo la viatu kwenye turubai: "Boss, hizi ni fagia, leta thao kumi na mbili." Thao nilikuwa naijua, ni elfu. Jozi 90 kwa shilingi 12,000 za Kenya! Nikamwambia, "Nafagia zote." Hata sikuinama kugeuza soli. Vikaingia kwenye magunia mawili, nikalipa, nikaondoka roho kwatu.

Gunia nimelifungulia Dar, sebuleni, mke wangu kasimama pembeni. Kiatu cha kwanza namba 43, mwenzake 41. Cha pili soli imeachia kuanzia kisigino, ukiikunja inakatika kama ganda la muhogo mkavu. Tulichambua mpaka usiku, tukapata jozi 17 za kuuza. Na ile ilikuwa hela ya ada ya mtoto.

Kwa watu wa mtumba wa Gikomba, fagia ni masalia. Belo, lile robota la mtumba, likifunguliwa, vile vizuri vinavyotolewa kwanza ndiyo kamera. Watu wanachagua, wanarudia kuchagua, kinachobaki chini kabisa ndiyo fagia. Yule kijana hakunidanganya hata kidogo; alinitajia daraja la mzigo wake waziwazi, kwa lugha yake. Aliyeniponza ni huyo aliyezoa maneno kila mtaa, akayapanga kwa alfabeti kama kamusi, asiseme nani anayasema wala wapi. Hajui kwamba kuna mtu atatoa hela kwa kuliamini neno lake? Mpaka leo nikiziona orodha hizi zinasambazwa napandwa na hasira.

Yako nayo ni yale yale. Imeandika "mzinga: kuomba hela". Kweli, kwetu kupiga mzinga ni kuomba hela. Nairobi kwa wanywaji, mzinga ni chupa kubwa ya pombe kali. Imeandika "jirongo: 500" bila kueleza kwamba ni noti ya shilingi 500 ya Kenya, iliyopewa jina la Cyrus Jirongo, yule aliyeongoza vijana wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, kwenye uchaguzi wa 1992.

Sasa shika hili moja. Neno lolote la mtaani linalogusa bei au hali ya mzigo, usiliitikie. Mwambie muuzaji, "Sijaelewa, niambie kwa Kiswahili cha kawaida." Bei aiandike kwa tarakimu kwenye simu yako. Mzigo aumwage chini, ushike jozi moja moja, kushoto na kulia, ukunje soli. Atakuona mshamba, muache akuone hivyo. Akikataa kumwaga, nenda kibanda kinachofuata, vipo vingi.

Na ufike alfajiri, belo zikiwa ndiyo zinafunguliwa. Mimi nilifika saa nane mchana.