Modeli haitabiri

Msomaji wa Morogoro ameleta sentensi yake: "Modeli imetabiri kuwa mavuno ya mahindi mkoani Dodoma yatapungua ifikapo mwaka 2050." Anauliza kama "modeli" ni neno la kukubalika, au aandike "kielelezo" au "mfano".

Modeli inafaa, kwa maana ya programu ya kompyuta inayoiga ukuaji wa mazao. Ni ya ngeli ya I-ZI: modeli hii, modeli hizi. "Mamodeli" tuwaachie wa jukwaa la mitindo. "Kielelezo" kinagongana na vielelezo vya ripoti, yaani picha na chati, na "mfano wa mahindi" ni hindi lililowekwa mezani watu walione. Swali lake limekwisha. Langu ndiyo kwanza linaanza.

"Imetabiri"! Kutabiri kumetoka Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. Watu wa hali ya hewa wamelizoea kwa mvua za Vuli na Masika, nami nimechoka kubishana. Angalau msimu ukiisha tunajua kama walipatia. Modeli ya mazao, iwe DSSAT, APSIM au AquaCrop ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, haiagui chochote. Hukadiria, tena kwa masharti: joto la juu na la chini la kila siku, mvua, mionzi ya jua, udongo tabaka kwa tabaka na maji unayoshika, mbegu, tarehe ya kupanda, mbolea. Gusa kimojawapo, jibu linageuka.

Tufanye hesabu. Modeli ya mahindi ya CERES huchukulia kwamba chini ya nyuzi 8 za Selsiasi mmea hausogei. Siku yenye nyuzi 28 mchana na 16 usiku ina wastani wa 22. Toa 8, mmea umejiwekea akiba ya joto ya nyuzi 14 kwa siku hiyo. Tuseme mbegu inataka akiba ya 1,400 ili ikomae: hizo ni siku 100. Ongeza nyuzi 2 mchana na usiku, akiba ya siku inakuwa 16, na mahindi yanakomaa kwa siku 88 hivi. Siku 12 zimeyeyuka, na baadhi yake ni siku za kujaza punje. Mavuno yameshuka na mvua hatujaigusa. Sasa weka mbegu ya muda mrefu zaidi, inayotaka 1,600: tumerudi kwenye siku 100, mvua ikiwepo mpaka mwisho. Mwandishi wetu atuambie, hapo modeli "imetabiri" lipi?

Kiswahili kina -ki-, wala hatukiazimi kwa mtu. "Joto likipanda kwa nyuzi 2, na wakulima wakiendelea kupanda mbegu ileile kwa tarehe zilezile, modeli inakadiria kuwa mavuno yatapungua." Hiyo -ta- sasa ina mahali pa kuegemea. Ikisimama peke yake, na "ifikapo" imebandikwa mbele kama muhuri wa serikali, msomaji anadhani mwaka 2050 umeshatembelewa na mtu akarudi na taarifa. Na mtafiti anaporudia msimu uliopita ndani ya kompyuta kwa joto jingine, -nge- iko tayari: "Msimu ule ungekuwa na joto zaidi, mahindi yangekomaa mapema."

Uvivu huu wa lugha huficha makosa ya kweli. Mtu anachukua mvua ya mwezi, milimita 90, anaigawa sawasawa kwa siku 30, anailisha modeli milimita 3 kila siku. Mahindi ya kwenye kompyuta hayanyauki kamwe! Shambani zile 90 zilishuka kwa dhoruba tatu. Maji mengine yakatiririka juu ya ardhi, kisha likaja jua la siku kumi. Mwingine anairekebisha modeli kwa takwimu za misimu fulani, halafu anaihakiki kwa misimu hiyohiyo na kushangilia kwamba imepatia. Ukiandika "imetabiri", hakuna atakayeuliza ililishwa nini.

Na viwavijeshi vamizi? Modeli nyingi haziwahesabu, wala palizi iliyochelewa. Basi ongeza -ki- nyingine: "shamba likiwa halina wadudu wala magugu." Sentensi itarefuka, najua. Mhariri akilalamikia nafasi, apunguze kichwa cha habari.