Asilimia ya nini? Majibu ya maswali yenu kuhusu takwimu za nchi

Niliwaomba mniletee maswali juu ya tarakimu zinazosomwa kila siku kwenye taarifa ya habari: mfumuko wa bei, pato la taifa, sensa, umaskini. Yamekuja mengi, na mengine yana uchungu ndani yake. Nafundisha hesabu sekondari, na mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa, kwa hiyo mambo haya nimeyaona ubaoni na nimeyaona pia milangoni kwa watu. Nimechagua machache.

Redioni wanasema mfumuko wa bei umeshuka. Mimi nauza wali na maharage karibu na stendi, mwaka wa nne sasa, sijaona kilichoshuka. Nani anatudanganya? (Mama lishe, Morogoro)

Hakuna anayekudanganya, mama, ila neno "umeshuka" linapotosha. Kilichoshuka ni kasi ya bei kupanda. Bei zenyewe bado zinapanda. Lori likiwa linapanda mlima Kitonga, dereva akapunguza mwendo kutoka 40 hadi 20, lori halijaanza kuteremka.

Tupige hesabu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) ilitangaza wastani wa mfumuko wa asilimia 4.3 kwa mwaka 2022, 3.8 kwa 2023 na 3.1 kwa 2024. Sasa chukua bidhaa zilizogharimu shilingi 10,000 mwaka 2021. Mwaka 2022 zinagharimu 10,430, mwaka 2023 zinafika 10,826, na mwaka 2024 ni 11,162. Mfumuko umepungua miaka miwili mfululizo, na kila mwaka umelipa zaidi. Ili bei zishuke kweli, tarakimu ile ingepaswa kuwa chini ya sifuri.

Kuna la pili, nalo ndilo linalokugusa zaidi. NBS hupima kapu lenye mamia ya bidhaa na huduma: unga, nauli, kodi ya nyumba, nguo, ada, matibabu. Kila kimoja kina uzito wake kulingana na matumizi ya kaya za nchi nzima. Kwenye kapu lenye kizio cha mwaka 2020, yaani mwaka uliochukuliwa kuwa msingi wa kulinganisha, chakula na vinywaji visivyo vya kilevi vinabeba kama asilimia 28. Jiulize, katika kila shilingi 10,000 inayotoka mkononi mwako, ni 2,800 tu inayokwenda kwenye chakula? Mchele ukipanda, kapu la taifa linasogea kidogo, lako linaruka.

Ndiyo maana nakushauri uweke daftari. Bidhaa zako kumi, kila tarehe moja, duka lile lile, kipimo kile kile. Mke wangu analo, limelowa mafuta pembeni, na kwenye ukurasa wa mafuta ya kula bei haijabadilika miezi mitano, lakini kando ameandika kwa kalamu nyekundu: "chupa imepungua". Huo nao ni mfumuko wa bei. Sado ya maharage isiyofika mdomoni, kwa bei ya ile iliyojaa, imepanda bei.

Uchumi unakua kwa asilimia tano na ushee kila mwaka, mbona mfukoni hamna kitu? (Dereva bodaboda, Mbeya)

Kijana wangu, kwanza toa ongezeko la watu. Mwaka 2024 pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini, lilikua kwa asilimia 5.5. Lakini idadi ya watu, kwa kipimo cha sensa ya 2022, inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkate umeongezeka, walaji nao wameongezeka. Kwa kila mtu, ongezeko linabaki asilimia 2 na kidogo. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuifuata, na haitangazwi kwa sauti kubwa.

Halafu uliza mkate umeongezeka upande gani. Kilimo kinatoa zaidi kidogo ya robo ya pato la taifa, lakini kinabeba kama theluthi mbili ya watu wanaofanya kazi. Mgodi ukichimba dhahabu zaidi au daraja kubwa likijengwa, pato la taifa linapanda, na hiyo ni kweli tupu. Mkulima wa mahindi wa Rungwe asiyeuza gunia la ziada hatauona ukuaji huo, na asipouona yeye hapandi bodaboda yako. Pato la wastani kwa kila mtu si mshahara wa mtu yeyote. Ni jumla iliyogawanywa kwa vichwa, mtoto mchanga akiwemo.

Sensa ya 2022 mimi nilikuwa safarini, sikuhesabiwa nyumbani kwangu. Tena jirani ana mtoto ambaye karani alikataa kumwandika. Hizo milioni 61 tuziamini vipi? (Msomaji, Singida)

Swali hili nilitamani liulizwe. Sensa yetu haiulizi "nani anaishi hapa". Inauliza "nani alilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022". Usiku mmoja, nchi nzima. Aliyelala kwenye nyumba ya wageni alihesabiwa pale pale, wasafiri na wavuvi walifuatwa walipo. Kwa hiyo kama hukuandikwa nyumbani kwako, waliojibu pale walijibu sawasawa. Ulipaswa kuandikwa ulikolala. Kuhesabiwa mara mbili ni kosa sawa na kutohesabiwa.

Kuhusu mtoto, nitakusimulia niliyoyaona mimi. Alhamisi ya wiki ile niliingia kwenye boma moja wilayani Kilosa, kishikwambi kikiwa na chaji ya mwisho mwisho. Bibi wa nyumba alinitolea kigoda, akaniletea kichanga kilichofungwa kitenge, akasema, "Huyu ndiye mgeni wetu, muandike wa kwanza." Alizaliwa alfajiri ya Jumanne. Nikamweleza kwamba saa sita ya usiku ndiyo mpaka, aliyezaliwa baada yake hayumo. Nyumba ya pili kulikuwa na turubai la msiba. Mzee wao alifariki Jumanne mchana na walikuwa wamemzika Jumatano. Yeye nilimwandika, kwa sababu usiku ule alikuwa hai. Bibi alisikia, akanifuata hadi njiani: "Mwanangu, mnamhesabu aliyezikwa mnamwacha anayenyonya?"

Sikuwa na jibu la kumpoza. Lakini kanuni ni sahihi. Nchi haikai tuli ipigwe picha, kila saa kuna anayekuja na anayekwenda. Usipoweka saa moja ya mpaka, kila karani atachora mpaka wake na jumla haitakuwa na maana. Picha ya usiku ule ilikuwa na watu 61,741,120: Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Je, kuna walioachwa? Hakuna sensa duniani isiyoacha mtu, na ndiyo sababu baada ya kuhesabu hufanywa utafiti wa kurudi kwenye maeneo machache na kulinganisha majibu.

Tunaambiwa wanawake wanazaa watoto wachache kuliko zamani, na hapo hapo tunaambiwa watu wanaongezeka kwa kasi zaidi. Yote mawili yanawezekanaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Yanawezekana, na mtihani unaweza kukuuliza. Kiwango cha uzazi, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa maishani mwake kwa mwenendo wa sasa, kilikuwa 5.2 kwenye utafiti wa afya wa 2015-16, kikawa 4.8 kwenye ule wa 2022. Kimeshuka. Lakini wasichana waliozaliwa miaka ya 1990 na 2000, wakati uzazi ulikuwa juu, sasa ndio mama. Mama wakiwa wengi zaidi, hata kila mmoja akizaa mtoto pungufu, vichanga bado ni vingi. Na watoto hawafi kama zamani. Tafiti hizo hizo mbili zinaonyesha vifo vya walio chini ya miaka mitano vimeshuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Kila tofauti ya namna hiyo ni kaburi dogo ambalo halikuchimbwa, na ni habari njema hata kama inajaza madarasa.

Ukitaka kujua watu wataongezeka maradufu lini, gawanya 70 kwa kasi ya ukuaji. 70 kwa 3.2 ni karibu miaka 22. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3, mwaka 2022 tukawa milioni 61.7. Angalizo moja: unapolinganisha sensa mbili, sehemu ya tofauti inaweza kutokana na sensa moja kufikia watu vizuri kuliko nyingine.

Umaskini umepungua au umeongezeka? Kila mwanasiasa ana lake. (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee wangu. Mara nyingine wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo wananchi tunapochanganywa. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara ulionyesha waliokuwa chini ya mahitaji ya msingi ni asilimia 28.2 mwaka 2011/12, na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Umepungua. Sasa zigeuze kuwa watu. Asilimia 28.2 ya watu wa wakati ule ni kama milioni 12. Asilimia 26.4 ya watu wa 2018 ni karibu milioni 14. Umeongezeka. Asilimia ilishuka polepole, watu wakaongezeka haraka. Mtu akikupa asilimia, mwombe idadi, na akikupa idadi, mwombe asilimia.

Na kabla ya yote, uliza mstari umechorwa wapi. Mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 upate 1,644. Hiyo ni chakula, sabuni, nguo, nauli na dawa. Aliyekuwa na 1,700 kwa siku alihesabiwa kuwa si maskini. Simlaumu mtakwimu, mstari lazima uwe mahali fulani. Ila anayesherehekea waliovuka ajue wamevuka kwa hatua ngapi.

Mwaka 2014 sisi Wakenya tulilala maskini tukaamka nchi ya kipato cha kati. Ni miujiza gani ile? (Msomaji, Mombasa)

Waliobadilika ni wapimaji. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009. Shughuli zilizokuwa zimekua bila kupimwa vizuri, simu na pesa za mkononi zikiwemo, zikaingia kwenye hesabu kwa uzito wake halisi. Pato la 2013 likaongezeka kwa kama robo, likafika dola bilioni 55. Nigeria mwaka huo huo iliongeza lake kwa asilimia 89. Tanzania nayo imehamisha kizio, Desemba 2014 na tena 2019. Ni kazi ya lazima, maana ukipima uchumi wa leo kwa kapu la juzi unajidanganya. Lakini angalia kinachofuata: deni la taifa hutajwa kama asilimia ya pato, kwa hiyo pato likikua kwa karatasi, deni linaonekana dogo ingawa hakuna senti iliyolipwa.

Kipimo cha ukosefu wa ajira kilikuwa asilimia 9 tu. Mtaani kwetu vijana wote wamekaa kijiweni! (Temeke)

Kimataifa, aliyefanya kazi hata saa moja katika wiki iliyopita amehesabiwa ana kazi. Na kwa kipimo hicho cha kimataifa, asiyetafuta kazi kabisa hatiwi kwenye nguvu kazi, yaani jumla ya wenye kazi na wanaoitafuta, kwa hiyo hayumo upande wowote wa hesabu. Huenda vijana wako wengi kwa hesabu hiyo si "wasio na ajira", wana kazi isiyotosha. Tafuta safu ya wenye kazi isiyotosha kwenye ripoti ya utafiti wa nguvu kazi.

Zamani watu waliishi miaka 45, mbona babu zetu walifika 80? (Bukoba)

Ile 45 ni wastani, na vifo vya watoto huushusha. Chukua watu kumi: watatu wanafariki kabla ya mwaka mmoja, saba wanafariki wakiwa na 70. Wastani ni kama 49, na hakuna hata mmoja aliyefariki akiwa na 49.

Nipo kwenye kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini. Takwimu za kata yetu nazipata wapi, na nizitumieje? (Kasulu)

Tovuti ya NBS ina ripoti ya sensa ya 2022 ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala, hadi ngazi ya kata, wanaume na wanawake, bila malipo. Kwa takwimu za kijiji, anza kwa mtendaji wako na ofisi ya mipango ya halmashauri. Kisha usikomee kwenye namba ya 2022, imeshapitwa. Tafuta kasi ya ukuaji ya wilaya yako, si ya taifa, uzidishe mwaka kwa mwaka. Tuseme kata ilikuwa na watu 9,000 na kasi ni 3.2: baada ya miaka mitatu ni kama 9,890, watu karibu 900 ambao hawamo kwenye ripoti lakini watapanga foleni kwenye zahanati yako. Peleka kikaoni karatasi yenye namba zote mbili na hatua ulizopitia katikati, ili diwani akikuuliza umezitoa wapi, umfungulie ukurasa.