India: mgao wa ulemavu haufuti wa tabaka

Dada, nimekuelewa: mumeo ni Mdalit (wa tabaka lililobaguliwa tangu zamani India), haoni, na mnahofia akidai nafasi ya ulemavu katika ajira ya serikali kuu ya India atapoteza ya tabaka. Hapotezi. Mgao wa tabaka, yaani nafasi zinazotengwa, 15% kwa Wadalit, umesimama wima, kila tabaka na fungu lake; wa ulemavu, 4% kwa sheria ya 2016, unaukata kwa mlalo, ukipita ndani ya kila fungu. Mahakama ya Juu ilifafanua hivyo 1992. Akipita kwa ulemavu, anahesabiwa ndani ya fungu la tabaka lake.

Ajaze visanduku vyote viwili kwenye fomu, cha tabaka na cha ulemavu! Rafiki yangu aliacha kimoja wazi kwa hofu hiyohiyo, akakosa kazi. Kiwango cha ulemavu kwenye cheti kisipungue 40%, majina kwenye vyeti na fomu yalingane herufi kwa herufi. Wakimkataa, muoneni wakili wa ajira mapema, au mpelekeeni malalamiko Kamishna Mkuu wa Watu Wenye Ulemavu.