Jibu: Mjamzito anaweza kuumia hata asipoambukizwa

Dadangu, umesema kipindupindu kimeingia mtaani kwenu, una mimba ya miezi saba, na unauliza kama mlipuko unaweza kukudhuru hata usipoambukizwa. Unaweza, tena sana. Mimi ni mkunga. Mwaka 2020 nilikuwa zamu za usiku katika kituo kimoja cha afya Eastlands, Nairobi, na akina mama walionitia hofu zaidi hawakuwa na korona.

Kafyu, yaani marufuku ya kutoka nje usiku, ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uchungu ukikushika saa nne usiku, nani atakubeba? Matatu hakuna, wa boda anaogopa rungu. Siku tatu tu baadaye, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko, hapa Nairobi. Ungemwambiaje mama mjamzito atoke nje usiku? Wengi walijikaza mpaka kukakucha, au wakamwita mkunga wa mtaani. Simlaumu mkunga huyo, maana yeye alifikika. Lakini hana oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu, wala damu ya kuongeza, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Walioletwa kwetu alfajiri walikuwa hoi, na kuna waliofika mtoto hachezi tena.

Hata mchana kliniki ilibaki na watu wachache, kwa kuwa watu waliamini korona iko hospitalini. Presha hazikupimwa, na kifafa cha mimba huanzia kwenye presha ya juu. Watoto nao wakapitwa na chanjo ya surua ya miezi tisa.

Dkt. Jemimah Kariuki wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta aliliona hilo mapema. Mwezi wa Aprili akaanzisha Wheels for Life: wakati huo mama alipiga 1196, daktari akamsikiliza, na ikibidi alitumiwa teksi au ambulensi bila malipo. Nilimwandikia kila mama namba hiyo nyuma ya kitabu chake cha kliniki. Kwangu mimi, usafiri huo ulipaswa kupangwa na serikali kabla kafyu haijatangazwa.

Sasa wewe, usiache kliniki. Ongea na mwenye gari au boda sasa hivi, muelewane bei ya usiku, na uweke nauli kando. Maji ya kunywa yachemshe au yatie dawa ya kusafisha maji. Ukianza kuharisha majimaji, kunywa ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, haidhuru mimba, na uende kituoni saa hiyo hiyo, usingoje uone kama itakoma. Mama akiishiwa maji mwilini, damu inayomfikia mtoto hupungua, na mimba inaweza kutoka au mtoto akafia tumboni. Ukishajifungua, nyonyesha hata kama unaugua kipindupindu, ila nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Na chanjo ya mtoto ikikupita tarehe, mpeleke tu siku utakayoweza. Hakuna muuguzi anayepaswa kukufukuza kwa kuchelewa.