Kabla ya Banda, Majirani

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Anayetaka kumchukua mbwa aliyetelekezwa aanze na nini?" Mimi naishi Ujiji, Kigoma, na jibu langu ni kwamba aanze na majirani.

Miaka minne iliyopita mpangaji wa nyumba ya pili alihama akamwacha mbwa wake jike, Popi, ambaye alilala mbele ya mlango uliofungwa karibu mwezi mzima akimngoja. Mtaa wetu hauna kuta wala mageti, na uani kwangu ni njia ya watoto wa madrasa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu, mbwa wa kulinda anaruhusiwa kufugwa, ila chombo alichoramba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo, kabla sijamgusa, nilipiga hodi nyumba tatu nikaeleza kwamba atakaa nyuma, mbali na njia, na sahani yake haitachanganywa na vyombo vya mtu. Wawili walikubali; wa tatu akataka kwanza kuona kadi ya chanjo, na nakiri kwamba yeye ndiye aliyefikiri vizuri kuliko sisi sote.

Kichaa cha mbwa hakijulikani kwa kumtazama mnyama, kwani virusi huweza kukaa mwilini wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili yoyote, na dalili zikishatokea, awe mbwa awe binadamu, mwisho wake karibu siku zote ni kifo. Siku ileile nilimwita bwana mifugo, akamchanja na kumpa dawa ya minyoo, akaniandikia tarehe ya kurudia mwaka unaofuata. Watoto niliwaambia kwamba yeyote atakayeumwa au kukwaruzwa na mbwa, hata mwenye kadi, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Baadaye Popi alifungwa kizazi, maana mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi tu, na watoto wake wasio na mwenyewe wangekuwa mzigo wa mtaa uleule ulionikubalia.

Wiki mbili za kwanza sikumfundisha chochote. Nilimwekea ugali laini na dagaa wa ziwani waliochemshwa bila chumvi, kila siku saa ileile, nikaondoka zangu. (Wengi wetu humpa mbwa unga wenye ukungu ambao sisi wenyewe hatuuli, nao una sumukuvu inayoharibu ini lake.) Watoto walikatazwa kumsogelea akiwa anakula au amelala. Usiku alikuwa akirudi kwenye mlango wa zamani, hivyo nikamfunga kwa kamba ndefu, si mnyororo, na kila jioni nikamtembeza taratibu mbele ya nyumba zile tatu, ili azoee harufu na sauti za watu wake wapya, nao wazoee kumwona akipita kimya. Ilikuwa wiki ya tatu aliponifuata mwenyewe hadi mlangoni kwangu akalala hapo.

Jirani wa tatu hamgusi Popi mpaka leo, na sijamwomba afanye hivyo. Ila kila ikikaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, yeye ndiye anayekuja kuniuliza kadi iko wapi.