Mwenye aleli fiche mbili hana siri

*Shikamoo Mwalimu. Swali linasema mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, tutafute wabebaji. Nimechukua 1,399 kwa 1,400, nikatafuta kipeuo cha pili, nikapata karibu 1. Nimekosea wapi? (Kidato cha sita, Morogoro)*

Marahaba, mwanangu. Umeanzia mahali penye ukungu. Katika hao 1,399 wamo wenye aleli tawala mbili (aleli ni sura mojawapo ya jeni; kila mtu ana mbili, na tawala huifunika fiche) na wamo wabebaji, wenye tawala moja na fiche moja, na kwa macho huwezi kuwatenganisha. Mwenye ualbino hana siri: ana aleli fiche mbili, moja ya baba na moja ya mama. Tukiita q kiwango cha aleli fiche na p cha aleli tawala, basi yeye ndiye q². Gawanya 1 kwa 1,400 upate 0.000714, kipeuo chake cha pili ni 0.0267, hiyo ndiyo q. Toa kwenye 1, p ni 0.9733. Wabebaji ni 2pq, yaani 0.052: karibu mtu 1 katika kila 19.

Darasa la watu 60 linaweza kuwa na wabebaji watatu, wala hakuna anayejijua. (Mtihani huuchukulia ualbino kama jambo la jeni moja. Kwa kweli jeni ni kadhaa, ila kwetu jeni iitwayo OCA2 ndiyo inayohusika zaidi.)

*Kwetu hakuna mwenye ualbino, kwa mume wangu pia hakuna. Mtoto wetu anao, na ndugu wa mume wananinyooshea kidole. (Mama, Shinyanga)*

Pole, dada. Waambie aleli moja imetoka upande wao. Mbebaji akikutana na mbebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Na kwa kuwa mbebaji ni karibu mtu 1 kati ya 19, zidisha 19 kwa 19 kwa 4: unapata 1,444, karibu ile 1,400 tuliyoanza nayo.

*Aleli tawala si itaimeza nyingine mwishowe?*

Hapana. "Tawala" ni habari ya kuonekana, si ya wingi. Mwaka 1908 Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, na Weinberg, daktari wa Ujerumani, walionyesha kila mmoja kivyake kwamba watu wakioana bila kuchagua, na pasipo kingine cha kuyumbisha, viwango vya aleli havibadiliki.

*Na selimundu nipige hesabu hiyo hiyo? (Muuguzi mwanafunzi, Mwanza)*

Usitafute kipeuo, hesabu. Maabara inakuonyesha hata mbebaji. Tuseme umepima watu wazima 200: AA (wasio na aleli ya selimundu, S) 158, AS (wabebaji) 40, SS (wagonjwa) 2. Aleli zote ni 400. Za S ni 40 za wabebaji na 4 za wale wawili, jumla 44, sawa na 0.11. Ungepita njia ya kipeuo, 2 kwa 200 ingekupa 0.10.

Katika kundi dogo hivi, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu. Lakini ukiikuta kubwa kwa watu wengi, jua kuna wasiofika utu uzima: watoto wa SS hufariki mapema wasipotibiwa. Na AS hawaibebi aleli hiyo bure. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha kazi yake ya Afrika Mashariki iliyoonyesha kuwa AS inamkinga mtu na malaria kali. Ndiyo maana S haitoweki kandokando ya Ziwa.