Mnauliza nizikwe wapi, mimi nauliza nani ataniosha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Ukifariki, ungependa uzikwe mjini unakoishi au urudishwe kwenu?" Nililisoma swali hilo asubuhi nikalipita. Usiku nikalirudia, na tangu hapo limenikaa rohoni, kwa sababu naliona ni swali la wanaume. Sisemi limeulizwa kwa ubaya. Nasema tu kwamba wanawake wa Kiislamu wa pwani hatufuati jeneza. Likishatoka mlangoni, wanaume wakalipokezana mabegani, tahalili ikasikika mpaka ikapotea kona ya mtaa, sisi tuliobaki ndani maziko yetu yamekwisha. Kaburi limechimbwa upande gani, mwanandani, ule upenyo wa kulazia maiti ndani ya kaburi, umekaaje, udongo wa huko ni wa mchanga au wa mfinyanzi, hayo tunakuja kusimuliwa. Maziko tunayoyafanya sisi kwa mikono yetu ni kuosha.

Kwa hiyo jibu langu la haraka ni kwamba mnizike popote. Nimeishi Dar es Salaam zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwetu ni Tanga, lakini maiti wa Kinondoni na maiti wa Tanga wanalazwa namna moja: kichwa mashariki, ubavu wa kulia chini, uso unaelekea kibla, ambayo kwa mwambao wetu huu ni kaskazini. Ardhi yote ni ya Mungu. Nikifia hapa nizikwe hapa, siku hiyohiyo, na nauli ya basi la wasindikizaji wapewe yatima. Ila niambieni kwanza nani ataniosha.

Naliuliza hilo kwa sababu ya jirani yangu mmoja, mama mtu mzima tuliyekaa naye mtaa mmoja miaka mingi. Alifia hospitali. Wanawe wakapiga simu, wakaja akina mama wa kikundi cha kuosha ambao hatukuwa tukiwafahamu, wakamwosha hukohuko, akaletwa nyumbani keshavishwa sanda. Tulifunuliwa uso tukamtazama, tukatoka, likaswaliwa jeneza, basi. Hakuna sharti hata moja la dini lililokosewa. Lakini usiku ule sikulala. Mwanamke tuliyesuka naye ukili, tuliyeugua naye, tuliyezaliana watoto naye ukuta kwa ukuta, hapakuwa na mkono hata mmoja wa mtaa wake uliommwagia maji. Nilisema siku ile, na nilikuwa nimekaa kuyaandika hapa kwa ukali, kwamba kila ukoo uoshe watu wake wenyewe na kazi hii isiachiwe wageni.

Sasa nieleze ninachokijua mwenyewe, ili msione nasema kwa hewa.

Shangazi yangu, dada wa baba, alifariki nyumbani kwake Ngamiani, kule Tanga, usiku unaelekea alfajiri. Alikuwa mpishi wa shughuli. Hakuwa na cheti wala hoteli. Alikuwa na masufuria yake makubwa, miiko mirefu, na sauti ya kuamrisha mafiga matatu kwa wakati mmoja. Mtu wa Ngamiani wa rika langu aliyekwenda harusi au hitima mtaani kwetu asile pilau la mkono wake, huyo alikuwa safarini.

Kulipopambazuka turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanaume nje wakisoma Yasini, sisi ndani kwenye mikeka. Wa Muheza wakafika, wa Pangani wakafika. Mwoshaji alikuja kwa miguu, bibi mwembamba wa mtaa wa pili ambaye hakuwa na udugu na sisi wala kwa mama wala kwa baba. Hakuuliza mfiwa ni nani. Aliuliza, "Maji ya moto mmetenga?" Halafu akatutazama mmoja mmoja tulivyokaa, akanigusa mimi bega, akamgusa binamu yangu wa Muheza, akamgusa na wifi yangu. Binti wa marehemu mwenyewe aliinuka, miguu ikamkatalia, akakaa tena. Bibi akamwambia, "Wewe mwanangu usiingie. Kaa hapo mlangoni utupokezee ndoo."

Zamani ulichimbwa ufuo chumbani, maji ya kuoshea yapite humo. Nyumba ya shangazi ina sakafu ya saruji, kwa hiyo kililetwa kitanda cha bati cha msikitini, tukakizungushia mashuka uani, na vijana wakachimba shimo la kupokea maji, maana maji ya maiti hayamwagwi ovyo. Kila kitu kilikuwa tayari: majani ya mkunazi yaliyotwangwa, karafuu maiti, pamba, udi unafuka kwenye chetezo, bafta ya sanda imekatwa. Shangazi alifunikwa shuka muda wote. Bibi alijifunga kitambaa mkononi akawa anapitisha mkono chini ya shuka kwa kupapasa, hafunui. Kabla ya kumwagia, alichovya kiwiko kwenye ndoo akasema yamezidi moto, yaongezwe ya baridi. Wifi yangu akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu hasikii. Bibi akamjibu, "Nani kakwambia?" Akaanza upande wa kulia. Alikuwa akimsemesha: geuka kidogo mama, hivyo, ahsante, tumemaliza huku, tunakuja huku.

Tatizo lilikuwa pete. Shangazi alikuwa na pete ya dhahabu kidole cha kati, mkono wa kushoto, aliyoinunua mwenyewe kwa hela ya kupika, si ya mume. Maiti hazikwi na dhahabu, na kidole kilikuwa kimevimba tangu maradhi yalipomzidi. Tukatia sabuni, haikusogea. Tukatia mafuta ya nazi, ikazunguka palepale. Binamu yangu akavuta, bibi akampiga kofi la mkono: "Usimvute kama unavuta kamba ya mbuzi." Mtu nje ya shuka akauliza kama kuna fundi mwenye koleo la kukatia. Mjomba akaita mara ya kwanza kwamba adhuhuri inakaribia. Akaita tena. Mara ya tatu alisema kwa hasira kabisa, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu Mtume ametuhimiza tuharakishe jeneza, na watu walikuwa wameshapanga safu juani.

Bibi hakuinua uso. Alisema, kwa sauti ya kuwafikia, "Mkono huu umewalisha wote walioko huko nje. Wangoje."

Akaomba uzi wa kushonea. Akaupitisha ncha chini ya pete kwa sindano, kisha akauzungusha kwenye kidole, duru kwa duru, umebana, kutoka kwenye pete mpaka karibu na ukucha. Nyama ikaingia ndani. Halafu akaanza kuufungua kutokea kwenye pete, na kila duru inayofunguka pete inasogea kidogo. Uzi ukakatika katikati. Akaanza upya. Mimi nilikuwa nimekishikilia kiganja cha shangazi, nakiona kina makovu ya moto na mafuta, mengine ya zamani kuliko mimi, na nilikuwa nikiwaza kwamba sijawahi maishani mwangu kukishika kiganja hiki kwa muda mrefu namna hii, kwa sababu alipokuwa hai hakikutulia. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Wanaume wakaenda msikitini wakarudi. Jeneza likasubiri alasiri.

Pete ilipotoka, tulisikia imegonga bati. Binti yake akapitisha mkono katikati ya mashuka, akaipokea, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Hakusema neno. Alikuwa amesimama pale mlangoni tangu asubuhi na kila ndoo iliyoingia ilipita mikononi mwake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Akaogeshwa maji ya mkunazi, akasuuzwa, maji ya mwisho yakatiwa karafuu maiti. Akakaushwa. Nywele zikagawanywa mafungu matatu zikasukwa. Akavishwa shuka ya chini, kanzu, ukaya, kisha mashuka mawili ya kumzingira, nguo tano za mwanamke. Kuna jambo nililiona mwilini mwa shangazi ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa nyumba yetu. Bibi aliona kwamba nimeliona, akanitazama. Mwoshaji hasemi, na mimi siandiki.

Nimeyarefusha haya na naomba radhi ya nafasi yenu, lakini ni katika kuyaandika ndipo naona hoja yangu ya kila ukoo kuosha watu wake haisimami. Aliyeongoza siku ile hakuwa ndugu. Wa damu kuliko sote, bintiye, hakuweza kuingia, na wala sioni kwamba alimpunguzia mama yake heshima hata chembe. Bibi alikuwa nani kwa shangazi? Alikuwa mtu aliyekula chakula chake. Alijua pete ile imenunuliwa kwa fedha gani. Akina mama waliomwosha jirani yangu wa Dar walifanya kazi ya kheri kwa watu wasiowajua, na kama si wao, wanangu siku moja wangetafuta wapi? Siwezi kuwalaumu tena. Kilichokosekana pale ni mtu wa mtaani aliyekwenda nao. Mmoja tu angetosha. Nasi hatukwenda kwa sababu hakuna aliyetuita, na hatukuitwa kwa sababu Dar siku hizi msiba unaendeshwa kwa simu.

Hapo ndipo nikawafikiria wenzetu Wakristo wanaosafirisha, ambao kwa miaka mingi niliwaona wanajitesa. Nimewahi kwenda Moshi kumzika mfanyakazi mwenzangu. Kamati, michango, basi la usiku, jeneza linafunguliwa watu watoe heshima za mwisho, na kaburi liko kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya migomba. Nilishangaa kwamba waliochimba walimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo sisi wa ofisini hatukulijua. Nikiwatazama na wakubwa, naona hivyo hivyo. Marais wetu wanne wa Muungano waliokwisha kututoka, wote walirudi: Nyerere Butiama mwaka 1999, Mkapa Lupaso mwaka 2020, Magufuli Chato mwaka 2021. Mzee Mwinyi alizaliwa Mkuranga, akafia Dar es Salaam Februari 29, 2024, akazikwa Mangapwani, Unguja, alikokulia. Kwa jirani zetu Kenya, Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi, alifariki kwa ajali ya helikopta Aprili 18, 2024, akazikwa Siaya Aprili 21 bila jeneza, kwa wasia wake mwenyewe. Raila Odinga naye aliusia azikwe ndani ya saa 72. Alifia India Oktoba 15, 2025, na Oktoba 19 alikuwa kaburini Bondo. Watu wakubwa kama hao, wa jamii ya Waluo inayojulikana kwa matanga marefu, walizipunguza siku, mmoja akaliacha hata jeneza. Kwao hawakukuacha.

Basi nimeanza kwa kusema mnizike popote, na sasa nasema nipelekeni Tanga. Si kwa ajili ya ardhi. Kuhusu ardhi bado nasimama nilipokuwa. Bibi yule mwoshaji alishatangulia mbele ya haki. Walimwosha aliowafundisha, na mmoja wao ni binamu yangu wa Muheza, yule aliyepigwa kofi la mkono. Leo yeye ndiye anayeitwa. Nataka aniite kwa jina langu la nyumbani akinigeuza.

Lakini wanangu wayasikie na masharti. Nisilazwe kwenye jokofu kusubiri mtu yeyote, hata aliye Ulaya au Muscat. Anayenipenda ataniombea alipo. Kusiwe na deni la gari. Binamu yangu akitangulia kabla yangu, sababu ya Tanga imeondoka, nizikwe Dar, waitwe wale akina mama wa kikundi, na jirani mmoja anayenifahamu aingie pamoja nao. Awaambie jina langu kabla hawajamwaga maji. Binti yangu asishurutishwe kuingia. Na kwa kuwa Dar mpaka Tanga ni kilomita kama 350, saa tano au sita za njia kukiwa hakuna foleni, waangalie saa: ikifika saa nne asubuhi gari halijaondoka, wasiondoke tena. Wanizike hapahapa baada ya alasiri, nami nimeridhika.